Zikiisha, Ndiyo Basi?

Dozi ni neno ambalo kila mzungumzaji wa Kiswahili analijua tangu utotoni, kwa sababu kila mzazi alituambia tuimalize. Huko lilikotoka lilimaanisha kipimo cha dawa anachopewa mtu kwa mara moja. Sisi tulipolipokea tukalipa kazi kubwa zaidi: dozi ni matibabu mazima, tangu kidonge cha kwanza hadi cha mwisho. Mtu anasema "niko kwenye dozi", "nimekatisha dozi", "dozi yangu inaisha Ijumaa", na hakuna anayefikiria kidonge kimoja. Ni haki ya lugha kufanya hivyo, na kwa malaria neno limetutumikia vizuri. Dozi ya mseto kwa mtu mzima ni vidonge 24: 4 kwa mara moja, mara 6, kwa siku 3. Siku ya pili homa imeshatoka, mdomo umeacha uchungu, mtu anatamani kutupa dawa zilizobaki. Hapo ndipo "maliza dozi" inapookoa maisha. Kifua kikuu nacho ni hivyo hivyo. Tiba yake ya kawaida ni miezi 6, kikohozi kinaweza kutulia mapema sana, na watoa huduma wanabaki kuhimiza: maliza, maliza, maliza.

Redio na mabango vimetufundisha hivyo kwa miaka mingi. Ugonjwa una dozi, dozi ina mwisho, na mwisho wa dozi ndio kupona. Somo hilo tumelishika sawasawa.

Sasa mpeleke mwanafunzi huyu mwema kliniki ya presha. Amepimwa, ameandikiwa dawa, amefika dirishani. Anakabidhiwa vidonge 30.

"Mama, hivi unameza kimoja kila siku asubuhi. Usiruke hata siku moja. Umalize dozi, sawa?"

"Sawa mwanangu. Mungu akubariki."

Anakwenda nyumbani na kutii. Haruki hata siku moja. Kidonge cha 30 anakimeza kwa maji ya moto, anamwambia binti yake kwamba dozi imeisha na anashukuru hajambo, na pakiti tupu inatupwa. Miezi kadhaa baadaye analetwa hospitalini amebebwa, upande mmoja wa mwili hauna nguvu, na kwenye faili lake inaandikwa kwamba aliacha dawa. Mama huyu hakuacha dawa. Alizimaliza, kama alivyoagizwa, na kati ya kuacha na kumaliza kuna tofauti ambayo faili halina mahali pa kuiandika.

Nimezungumza na watu wengi wenye presha na kisukari, na naamini shida yao kubwa na watabibu wao inaanzia hapa zaidi kuliko kwenye ukali wa wauguzi au urefu wa foleni, ingawa hayo nayo yapo. Kiswahili cha hospitali kilikatwa kwa kipimo cha maradhi yanayokuja na kuondoka. Maradhi yanayokaa yamevishwa nguo hiyo hiyo, na inayabana.

Chukua neno presha. Mtaani, presha ni kitu kinachompata mtu ghafla: ilimpanda alipopokea simu ya msiba, ilimpanda mtoto alipofeli mtihani, na tunaambiana kila siku tusitiane presha. Inakuja na inakwenda. Kwa daktari, presha ni namba mbili kwenye mashine. Zikifika 140 kwa 90 au kupita hapo, katika vipimo vya siku tofauti, mtu anahesabiwa kuwa na shinikizo la juu la damu hata kama amekaa anacheka. Hali hiyo mara nyingi haiumi popote. Kwa hiyo anayesubiri kichwa kimgonge ndipo ameze kidonge, anafuata maana ya neno kama alivyolikuta kwao.

Halafu kuna kupanda na kushuka. Kiswahili cha nyumbani kinajua maradhi mawili, presha ya kupanda na presha ya kushuka, na yote mawili yanaogopwa. Muuguzi anapima, anafurahi, anasema: "Mzee wangu, leo presha imeshuka." Amempa habari njema. Mzee anatoka akiwa na hakika kwamba dawa zimemvusha hadi ng'ambo ya pili, sasa ana presha ya kushuka, na nani mwenye akili timamu atameza dawa ya kushusha kitu ambacho kimeshashuka? Anaziweka kabatini. Sentensi ambayo ingemsaidia haikuwa ndefu: presha imekaa sawa kwa sababu unameza dawa, ukiziacha itapanda tena.

Kinachoniuma ni kwamba lugha yenyewe haina upungufu huo. Watu wa kijijini wakienda kumjulia hali mtu hawaulizi kama amepona. Wanauliza: "Mgonjwa anaendeleaje?" Wanajibiwa kwamba anaendelea vizuri, au amepata nafuu, au ameona ahueni, au leo hajambo kidogo. Kila jibu lina kipimo chake. Ahueni ni pale maumivu yanapolegea ukaweza kuvuta pumzi. Mwenye nafuu anakaa kitako na kuomba uji. Kupona ni jambo jingine kabisa, nalo hutajwa kwa tahadhari, aghalabu na jina la Mungu mbele yake. Bibi anayejua ngazi zote hizi anaingia chumba cha daktari, na humo anakuta maneno mawili tu: kuumwa na kupona. Daktari angeweza kumwambia, "Bibi, sukari yako itakuwa ya nafuu siku zote ukiendelea na dawa, kupona kabisa sikuahidi," na bibi angeelewa neno kwa neno, kwa sababu hayo ni maneno yake.

Sarufi nayo ina mtego. Mgonjwa anauliza, "Daktari, sasa nimepona?" Daktari, kwa huruma, anajibu, "Hapana, bado hujapona." Kiswahili kinapotumia -ja- katika ukanushi kinaacha mlango wazi: mgeni ambaye hajafika anatarajiwa, chai ambayo haijachemka itachemka. "Hujapona" ni ahadi iliyofichwa ndani ya kukanusha. Mwenye kisukari aliyeambiwa hivyo mwaka baada ya mwaka anafika mahali anaona ama dawa ni hafifu ama daktari hajui kazi, kwa hiyo anakwenda kumtafuta atakayemponya. Wapo wengi wanaotangaza kwamba wanaponya. Upande wa pili, "dawa za maisha" ni maneno makali mno kusikika kwa mara ya kwanza, hasa katika nchi ambako "maisha" ndiyo adhabu inayotajwa na hakimu. Kati ya ahadi ya uongo na hukumu kuna nafasi pana, na neno la kuijaza ni lile lile la wale watu wa kijijini: kuendelea. Unaendelea na dawa, unaendelea vizuri, tutaendelea pamoja.

Neno jingine la kuangaliwa ni sugu. Vitabu vinaita maradhi ya muda mrefu "magonjwa sugu", na matangazo ya afya yanaita vimelea visivyosikia dawa "vimelea sugu". Msikilizaji ana neno moja kwa mambo mawili, na anayeambiwa kisukari chake ni ugonjwa sugu ana haki ya kuelewa kwamba hakisikii dawa. Mimi ningeliachia vimelea neno hilo, na kisukari ningekiita ugonjwa wa kudumu.

Kwenye VVU, lugha imefanyiwa kazi zaidi kuliko kwingine. Tangu Tanzania ianze kutoa dawa bure mwaka 2004, vituo vya tiba na matunzo vimeunda msamiati mzima, na mwingine ni wa busara sana. "Kufubaza virusi" ni mfano mzuri. Kilichofubaa kipo bado, ila kimepoteza makali, na mtu yeyote aliyewahi kuona rangi ya kitenge ikififia anaelewa bila mhadhara. Lakini kisha vinakuja vipimo vya wingi wa virusi, na mteja anaambiwa, "Virusi havionekani." Katika Kiswahili, asiyeonekana mara nyingi hayupo. Tukisema fulani haonekani siku hizi, tunamaanisha kahama. Maana ya maabara ni kwamba virusi vimepungua hadi mashine inashindwa kuvipata. Mtu akidumu katika hali hiyo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, na akiacha dawa vinarudi. Sehemu hiyo ya mwisho ikiachwa, "havionekani" inasikika kama cheti cha kupona.

Na kuna jozi ya maneno ambayo huwa inanikaa kooni: ufuasi na utoro. Anayemeza dawa zake vizuri ni mfuasi mzuri wa dawa. Aliyekosa tarehe ya kliniki ni mtoro. Mfuasi tunamjua kutoka kwenye dini na siasa. Huyo haulizi maswali, anafuata. Mtoro tunamjua kutoka shuleni, na watu wa pwani wanamjua kutoka mbali zaidi, maana watoro waliitwa watumwa waliokimbia mashamba ya Malindi na Mombasa karne ya 19 na kujenga vijiji vyao bara, kama Fuladoyo. Sidhani kama nesi anayeandika "mtoro" kwenye rejesta ana hayo moyoni. Ana orodha ndefu na anataka kumpata mtu wake. Hata hivyo, anayeitwa mtoro anajua kwamba akirudi anarudi kama mkosaji. Wengine wanaona heri wasirudi. Pengine hakuwa na nauli, au mwajiri alimkatalia ruhusa, au alikwenda kuzika. Shirika la Afya Duniani liliandika katika ripoti yake ya mwaka 2003 kwamba, hata katika nchi tajiri, ni kama nusu tu ya wenye maradhi ya kudumu wanaofuata tiba kama walivyoelekezwa. Nusu ya wagonjwa wa nchi tajiri si watoro. Kuna kitu katika namna tiba inavyoelezwa, na namna inavyobebeka katika maisha ya mtu, ambacho neno utoro linakifunika.

Madaktari wetu wanasoma kwa Kiingereza miaka mitano chuoni, wanajadiliana kwa Kiingereza wodini mbele ya mgonjwa, wanaandika faili kwa Kiingereza. Mgonjwa anapokea kwa Kiswahili kile kinachobaki mwishoni, dakika ambayo daktari ameshaanza kumwita mwingine. Na dakika hiyo ina swali lake la kawaida: "Umeelewa?" Kwa malezi yetu swali hilo lina jibu moja. Kumwambia mtu aliyesoma kwamba hukuelewa ni kama kumwambia hakueleza vizuri, na hakuna mzee mwenye adabu atakayemfanyia hivyo kijana aliyemhudumia kwa heshima. Anasema ndiyo, anashukuru, anaondoka. Wauguzi wazuri niliowaona wanauliza kwa njia nyingine: "Baba, ukifika nyumbani mama akikuuliza hizi dawa zinamezwaje, utamjibuje?" Hapo baba anaeleza, na linalotoka kinywani mwake ndilo alilolielewa. Kama amekosea, kosa linarekebishwa akiwa bado amekaa kwenye kiti.

Inabaki ile pakiti ndogo ya karatasi ambayo dawa hutiwa ndani yake, yenye maneno "kutwa mara" na nafasi ya kujazia. Kwa maradhi mengi, hilo ndilo andiko pekee la Kiswahili ambalo hospitali inampa mgonjwa akaondoka nalo, kwa hiyo linastahili kusomwa kwa makini. "Kutwa" ni neno la mchana. Tunasema mchana kutwa na usiku kucha, na mtu wa pwani anayelisikia neno kwa uzito wake wa zamani atagawa mara tatu zake kati ya macheo na machweo, usiku mzima ukabaki bila dawa. Wengine wanaandikiwa "2 x 3" kwa kalamu, alama ambayo darasani ilikuwa ya kuzidisha. Wengine wanaambiwa kwa mdomo wameze "kila saa nane", na kwa saa zetu hiyo ni baada ya adhuhuri, kila siku, mara moja. Hapa mtaani kumepatikana suluhisho ambalo walimu wa sarufi hawalitaki. Watu wanasema "kila baada ya masaa manane", wakitumia "masaa" kwa urefu wa muda na "saa" kwa kile kinachosomwa ukutani. Kamusi haikubali. Dirishani kwa mfamasia, ningelikubali kwa mikono miwili, na bado ningeandika chini yake: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.

Lakini upungufu mkubwa wa pakiti hiyo ni mstari ambao haupo. Ina mahali pa jina, mahali pa idadi, mahali pa kutwa mara ngapi. Haisemi lolote kuhusu siku ya kidonge cha mwisho. Wachapishaji wangeweza kuongeza neno moja, "Zikiisha", na mbele yake maelezo mawili ya kuchagua: "umemaliza tiba", na "usikae bila dawa, njoo uchukue nyingine". Mfamasia achore duara kwenye mojawapo huku akiisoma kwa sauti.