V8 kwenye Land Rover ya Mzee

Haya wadau, leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Nyumbani kwetu kuna mgogoro, na mgogoro wenyewe ni wa injini.

Marehemu baba alituachia Land Rover 109, Series III, ya petroli, injini yake ile ile ya lita 2.25 iliyokuja nayo. Ni gari vumilivu, lakini mlima ukianza tu inashuka gia ya pili na malori ya matofali yanatupita huku turnboi wao akitupungia mkono. Sasa kaka yangu kapata fundi mwenye V8 ya lita 3.5 iliyotolewa kwenye Range Rover ya zamani. Fundi anasema milioni saba zinatosha kuinunua na kuifunga. Kaka macho yamemtoka, halali. Mama kauliza swali moja tu: "Na kwenye tanki mtatia maji?"

Wote wawili wamenigeuza hakimu, eti kwa kuwa mimi ni mwandishi wa habari. Nikaona badala ya kuchagua upande nichimbe historia ya hiyo injini. Na jamani, ina historia! Karibu kila mara ilipohamia kwenye gari jipya, bei ya mafuta ilikuwa inainyemelea kwa nyuma.

Kwanza, si injini ya Kiingereza kama wengi wanavyodhani. Ni ya Buick, yaani General Motors ya Marekani, iliyotoka kwenye magari ya mwaka 1961. Ilitengenezwa kwa aluminiamu tupu, lita 3.5, silinda nane, na uzito wake ni kama kilo 145 hivi. Lakini kuisubu ilikuwa kazi ya gharama, vyuma vingi viliharibika kiwandani, na baada ya mwaka 1963 Wamarekani wakaachana nayo. Petroli kwao ilikuwa bwelele, ya nini kuhangaika na injini nyepesi wakati chuma cha kawaida kilikuwa rahisi? Bosi mmoja wa Rover, William Martin-Hurst, aliikuta kwenye karakana ya injini za boti huko Wisconsin, akaing'ang'ania, na mwaka 1965 Rover wakapata leseni ya kuitengeneza Uingereza. Mwaka 1970 ikaingia kwenye Range Rover ya kwanza kabisa.

Ila somo la kaka yangu haliko kwenye Range Rover. Liko kwenye kigari kidogo cha michezo kinachoitwa MGB.

MGB ilitoka mwaka 1962 na injini ya lita 1.8. Nzuri kuitazama, mwendo wa wastani. Mwaka 1967 kiwanda kikataka kuiongezea nguvu, kikachukua silinda sita za lita 2.9, chuma kitupu, kikazisukumia ndani na kuiita MGC. Pua ikawa nzito. Ilibidi mfumo wa springi za mbele ubadilishwe ndipo injini ienee, na waandishi wa magari waliliponda gari lile bila huruma, kwamba kona halitaki. Miaka miwili tu, magari kama 9,000, likafutwa. (Kaka, hapa naomba usome mara mbili. Injini kubwa si nguvu tu, ni mzigo unaoukalisha juu ya magurudumu ya mbele.)

Halafu akatokea Ken Costello, dereva wa mashindano mwenye gereji yake. Kwenye gari lake la kwanza alifunga ile V8 ya aluminiamu ya Kimarekani, baadaye akawa anatumia za Rover. Ujanja wake ulikuwa mizani: V8 ile ilikuwa na uzito unaokaribiana sana na ule wa injini ya chuma ya lita 1.8 aliyoitoa. Gari likapata karibu ukubwa wa injini mara mbili bila kulemewa puani. Akaanza kuwauzia watu. British Leyland, waliokuwa wanamiliki MG na Rover kwa pamoja, wakaona aibu: fundi wa gereji anauza gari ambalo wao wenyewe wangeweza kulitengeneza kwa vyuma vya ghalani kwao. Wakaliita gari lake, wakalikagua, kisha wakatengeneza la kwao.

MGB GT V8 ya kiwandani ilizinduliwa Agosti 1973. Shikeni huo mwezi. Nguvu za farasi 137, mwendo wa karibu kilomita 200 kwa saa. Wiki chache baadaye, Oktoba 1973, ikaanza vita ya Waarabu na Israeli, na nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zikafunga bomba kwa Marekani na baadhi ya rafiki zake. Pipa lililokuwa la dola kama 3 lilifika zaidi ya dola 11 ilipoanza 1974. Uingereza ikagawa kuponi za petroli (hazikuja kutumika), na Desemba serikali ikaweka kikomo cha maili 50 kwa saa, yaani kilomita 80. Fikiria umetoka kulipia gari la kilomita 200, polisi anakungoja kwenye 81.

Ilitengenezwa hadi 1976, magari 2,591 tu, wakati MGB zote kwa jumla zilizidi 500,000. Marekani, ambako ndiko kulikuwa na wanunuzi wengi wa MGB, hawakuipeleka kabisa. Wengi husema bei ya mafuta ndiyo iliyoiua. Mimi naona ni nusu ya ukweli. Ilikuwa ghali dukani pia, Ford Capri ya lita 3 ilikuwa nafuu na yenye nafasi. Na kuhusu ulaji wa mafuta, V8 haikuwa fisi kama jina lake linavyotisha. Difu yake ilikuwa ya 3.07 badala ya 3.9, maana yake kwa mwendo ule ule injini inazunguka taratibu zaidi. Kwenye barabara ndefu haikuwa mbali na ndugu yake wa lita 1.8. Ila mnunuzi wa mwaka 1974 akisikia "V8" haulizi difu, anakimbia.

Wamarekani nao yaliwakuta. Buick walikuwa na V6 iliyotokana na ile ile V8, wakaiuza mitambo yake kwa Kaiser, watengeneza Jeep, mwaka 1967 kwa kuona silinda sita hazina soko. Mwaka 1974 General Motors wakarudi kuinunua mitambo hiyo. Kiburi cha petroli ya bei poa!

Sasa Land Rover yetu. Mwaka 1979 kiwanda chenyewe kilifanya anachotaka kaka: kilifunga V8 ya lita 3.5 kwenye 109, wakaiita Stage One. Kilichonifungua macho ni jinsi walivyofanya. Walisogeza grili mbele ikawa sawa na mabawa ili injini ipate nafasi. Walichukua na giaboksi ya Range Rover, pamoja na mfumo wa magurudumu manne kuvuta muda wote. Na juu ya yote hayo wakaibana injini makusudi, ikabaki na nguvu za farasi 91, maana kulipa boksi lile la bati lenye springi za majani na breki za ngoma nguvu zote za V8 ni kutafuta kesi. Mwaka huo huo mapinduzi ya Iran yakapandisha tena bei ya mafuta. Injini hii ina nyota yake.

Kwetu 1979 ilikuwa na uzito wa ziada, nchi imetoka vitani Kagera na fedha za kigeni hakuna. Wazee wanaikumbuka marufuku ya gari binafsi kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana. Mama anaposema "mafuta" hasemi bei ya leo. Anakumbuka foleni na madumu.

Basi nikachukua kalamu. Tuseme sasa inakula lita 17 kwa kilomita 100, na ikiwa V8 itakula 21. Tuseme lita ni shilingi 3,000. Kaka huenda Morogoro mara moja kwa mwezi, kwenda na kurudi kama kilomita 400. Sasa anachoma 204,000/=, na V8 angechoma 252,000/=. Tofauti ni 48,000/= kwa mwezi, 576,000/= kwa mwaka. Mama akashangaa, alidhani ni zaidi. Kaka akashangilia mapema, kwa sababu nilikuwa sijamaliza: zile milioni saba za fundi zinalipa hiyo tofauti kwa miaka 12! Kinachomfilisi si petroli, ni kufunga. Na kwenye milioni saba za fundi hakuna breki, hakuna giaboksi wala difu. Nilimpigia simu mbele ya kaka, nikamuuliza. Akajibu, "Hivyo tutaangalia baadaye, bosi."

Jumamosi tulipeleka Land Rover kwa fundi mwingine, mzee aliyewahi kuitengeneza baba akiwa hai. Hakutaka hata hadithi ya V8. Akapima mgandamizo wa kila silinda, tatu ziko sawa, ya nne imelala. Vali imeungua, na kabureta imechoka. Kasema milima tunayoilalamikia tumekuwa tukiipanda na silinda tatu, sijui tangu lini.

Kaka ameacha gari pale pale. Bado anayo namba ya yule wa V8 kwenye simu.