Uraibu wa Kale na Uraibu wa Simu

Neno uraibu lina historia ndefu kuliko maana tunayolipa leo. Huko pwani lilikuwa jina la tambuu na viungo vyake, yaani popoo, chokaa na tumbaku, vitu ambavyo mwenye nyumba aliviweka mbele ya mgeni baada ya chakula. Baadaye maana ikapanuka, ikaingiza kahawa, kiko na ugoro, na kila kitu kidogo kisichoshibisha tumbo ambacho mtu akikikosa hutaabika. Bara, katika nchi ya Wanyaturu na Wanyiramba ambayo tangu 1963 yaitwa Mkoa wa Singida, uraibu wa wazee ulikuwa tumbaku. Ilisagwa, ikatiwa magadi, ikawekwa ndani ya tabakero, na tabakero ikapita mkono kwa mkono. Mzee aliyeficha kikopo chake mgeni alipotokea alihesabiwa kuwa bahili.

Sisemi kwamba tumbaku ilikuwa na heri. Madhara yake yajulikana. Nataka msomaji aangalie jambo moja tu. Uraibu ule ulizungukwa na mipaka miwili: ukomo wa kikopo na macho ya watu. Siku hizi twasema "uraibu wa mitandao ya kijamii", na yamkini tumelihamisha neno bila mipaka yake. Jinsi mipaka hiyo ilivyoondoka katika mkoa kama Singida ni historia inayostahili kuandikwa.

Kituo cha redio cha Dar es Salaam kilianza 1951. Walakini ilipita miaka mingi kabla redio ndogo za betri hazijaenea vijijini. Redio ilipofika ilikuwa ya mtu mmoja, na wasikilizaji walikuwa wa mtaa mzima. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku iliwakuta majirani wameketi uani, na aliyetaka kusema alinyamazishwa. Mwenye redio alikuwa mwangalifu sana, kwa sababu betri ziligharimu fedha. Zilipodhoofika zilianikwa juani zipate uhai wa jioni moja zaidi, na uhai huo ukiisha, kila mtu alikwenda kulala. Hata zisipoisha, kituo chenyewe kilifunga matangazo usiku.

Serikali iliuelewa vizuri utaratibu huo wa kusikiliza pamoja. Katika kampeni ya "Mtu ni Afya" ya 1973 watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika nchini kote katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakakijadili, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Sijui chombo kingine cha habari katika nchi yetu ambacho kimeacha mashimo mengi namna ile ardhini. Televisheni haikupata nafasi ya kushindana nacho. Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973, lakini Tanzania Bara ilingoja hadi 1994. Hivyo sehemu kubwa ya vijiji vya Singida iliruka kutoka redio moja kwa moja hadi simu ya mkononi.

Simu yenyewe haikuwa uraibu ilipoanza. Ilikuwa ya kusema na ya kuandika ujumbe mfupi. Na tangu 2008, M-Pesa ilipoanza nchini, ikawa pia ya kutuma na kupokea fedha. Mwaka wa kuangaliwa ni 2009. Mwaka huo kebo ya SEACOM ya chini ya bahari ilifika Dar es Salaam, WhatsApp ikaanza huko Marekani, na Facebook ikaweka alama ya kidole gumba ili watu wapongezane. Miaka mitatu nyuma yake, 2006, Aza Raskin alikwisha kubuni ukurasa usio na mwisho, ambao msomaji akifika chini huongezewa mwingine bila kuomba. Baadaye aliueleza ubunifu huo hadharani kwa majuto. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, na redio ya zamani ilikuwa na saa ya kufunga. Ukurasa huu ulitengenezwa kwa makusudi usiwe na kimoja wala kingine. Juu ya hayo, redio haikumjua msikilizaji wake. Simu humjua, ikakumbuka alichokitazama jana kwa muda mrefu, ikamletea cha namna ile ile leo.

Nguvu ya kitu hiki twaweza kuifahamu kwa mfano wa wafuga nyuki wa Manyoni na Itigi. Mwenye mizinga mingi porini haelewi ni upi wenye asali na ni upi mtupu, na kutojua huko ndiko kumsukumako aendelee hadi mti unaofuata. B. F. Skinner alilionyesha jambo hili kwa wanyama katika maabara: malipo yasiyotabirika hushika zaidi kuliko malipo ya kila mara. Afunguaye simu hupekua mizinga. Tofauti ni kwamba nyuki wana majira, na mizinga ina hesabu.

Hapa nalazimika kuwaonya wanafunzi wangu wanaopenda maneno makali. Shirika la Afya Duniani limeuandika uraibu wa michezo ya kompyuta katika orodha yake ya maradhi inayotumika tangu 2022. Uraibu wa mitandao ya kijamii halikuuandika. Si kila kijana ainamiaye simu ni mgonjwa. Wala dawa ya watawala haikutibu kitu: Uganda ilianza Julai 2018 kuwatoza watumiaji wa mitandao shilingi 200 kwa siku, kodi iliyotetewa kuwa itapunguza umbeya, na wengi wakatafuta njia za kificho. Kodi ile iliachwa 2021.

Likizo iliyopita nilikaa jioni kadhaa katika kijiji kimoja cha mkoa huu baada ya mavuno ya alizeti. Vijana watano waliketi juu ya gogo moja. Walicheka, lakini si kwa pamoja. Kila mmoja alicheka kwa wakati wake na kwa jambo lake. Nilikuwa tayari kusikitika, kama ilivyo desturi ya watu wa umri wangu, mmoja wao alipomwambia mzee aliyekaa kando, "Babu, bei ya alizeti imepanda mjini, usiuze kesho." Mzee alimshukuru, akampa tabakero kwa mzaha. Kijana akaipokea kwa mikono miwili, akairudisha bila kuifungua, akainama tena.

Kabla ya saa nne bando la wawili lilikwisha, nao wakaanza kuzungumza. Walizungumza vizuri, juu ya mpira na juu ya kazi ya kufyatua matofali, hata mmoja akakumbuka kwamba duka lilikuwa bado wazi. Alirudi na vocha mbili. Bei za bando zikishuka, mpaka huo nao utaondoka.

Mpaka wa betri umekwisha kuondoka. Juu ya paa la nyumba ile palikuwa na paneli ya sola, na jua lililokuwa likizihuisha betri mbili kwa taarifa ya habari ya saa mbili, sasa lilijaza simu tano za kutosha hadi alfajiri.