Majestic ya Vuga na Kalenda ya Mapicha

Jengo la sinema ya Majestic, Vuga, mjini Unguja, lilijengwa mwaka 1955 kwa mchoro wa Dayalji Pitamber Sachania. Hata hivyo, anayetafuta historia yake hana budi kuanza na jengo ambalo halipo tena. Kiwanja cha Majestic kwanza kilikuwa cha sinema ya Royal, kazi ya John Sinclair, Mwingereza aliyechora pia Mahakama Kuu na jumba la makumbusho la Beit al-Amani. Royal iliteketea kwa moto, na Majestic ikajengwa mahali pake.

Mpaka hapo nyaraka zinatosha. Wakoloni walipenda karatasi: leseni, ramani, maamuzi ya bodi iliyokagua kila picha kabla haijaonyeshwa. Lakini karatasi hizo humzungumzia mwenye jengo na mkaguzi. Aliyelipa kiingilio akaingia kukaa gizani haonekani humo, isipokuwa pale serikali ilipomtilia shaka.

Huyo inabidi aulizwe mwenyewe. Ndivyo alivyofanya Laura Fair, mwanahistoria wa Kimarekani. Kitabu chake cha mwaka 2018, Reel Pleasures, kimesimama sana juu ya masimulizi ya watazamaji na wenye majumba ya sinema. Humo tunaona jinsi picha ya Kihindi Awaara, ya Raj Kapoor, ilivyowateka watu wa Unguja.

Tatizo ni kwamba kumbukumbu za wazee huchanganya. Majestic ilirithi kiwanja na wateja wa Royal, basi majina nayo huingiliana. Ukimuuliza mzee alikwenda mwaka gani, atababaika. Ukimuuliza aliona picha gani, atakuhadithia mpaka magomvi ya mwisho na nani alikuwa steringi. Hapo ndipo pa kushika. Awaara ilitoka India mwaka 1951, kwa hiyo aliyeiona mapema huenda aliiona Royal. Mother India ilitoka mwaka 1957; anayesema aliiona Royal amechanganya, maana Royal ilikuwa imekwisha kuungua. Ila tahadhari: mwaka wa kutoka picha ni mwanzo tu. Picha ilikuja kwa meli, ikazungushwa mji hadi mji, na ile iliyopendwa ilirudishwa tena baada ya miaka. Hata hivyo, mimi kalenda hii ya picha naiamini kuliko tarehe yoyote atakayoitaja mtu kwa kubahatisha.

Baadaye mambo yaligeuka. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara ikingoja mpaka 1994. Kisha zikaja kanda za video, na watu wakaanza kutazamia picha majumbani badala ya sinema.

Waliokuwa vijana mwaka 1955 sasa wamevuka miaka themanini. Kama unaye bibi au babu wa umri huo, iwe Unguja, Tanga au Mombasa, muulize leo: aliona picha gani, alikaa wapi, alikwenda na nani, nani alimlipia. Andika majibu yake, na jina la picha usilisahau.