Umelala Video Ikipakia, Umeamka Iko 12%: Hii Ndio Kitu Simu Yako Ilifanya Usiku

Manze hii imeumiza wasee wengi. Mteja anataka video saa mbili asubuhi. Saa sita usiku unaanza kuipakia, unazima skrini, unaweka simu kando ya kitanda na unalala. Asubuhi unacheki: 12%. Wifi ilikuwa poa, na usiku huo huo SMS ya M-Pesa iliingia fiti. Sasa nani alikuchezea?

Ni simu yenyewe. Ilikuwa inaokoa betri.

Tangu Android 6.0, iliyotoka 2015, simu za Android ziko na kitu inaitwa Doze. Simu ikiwa haijachomekwa kwa chaji, skrini imezimwa na imetulia mahali pamoja kwa muda, mfumo unaamua wewe umelala. Hapo unafungia programu nyingi intaneti, na kazi kama kuhifadhi picha mtandaoni zinaambiwa zingoje. Baada ya muda simu inaamka kidogo, programu zinamaliza shughuli zao mbio mbio, halafu inarudi kulala. Ngori ni kwamba simu ikizidi kulala, hizo nafasi zinazidi kuwa mbali mbali. Video ya GB 2 itapitia wapi?

Mwaka wa 2016, Android 7.0 ikaongeza Doze nyepesi, hii inashika hata ukiwa kwa mathree simu ikiwa mfukoni. Halafu 2018 Android 9 ikaanza kupanga programu kwa mafungu kulingana na vile unazitumia. Ile unafungua kila siku inapewa uhuru. Ile umeisahau inawekwa nyuma ya laini.

Mbona basi meseji zinaingia? SMS inakuja na mtandao wa simu, haihitaji bando, na mfumo huamsha programu yake ikifika. WhatsApp nayo hutumia njia ya Google ya arifa za haraka, ambayo inaruhusiwa kuamsha programu kwa muda mfupi tu. Huo muda unatosha kuleta meseji. Faili kubwa, zii. Ndio maana unadhani simu iko macho na kumbe inakoroma.

Dawa ya kwanza ni rahisi hadi inaudhi: chomeka chaji. Doze haiingii simu ikichaji. Kama stima imepotea, ingia Settings, Apps, chagua ile programu, Battery, halafu Unrestricted. Hayo ndio maneno ya Android 12. Kwa simu yako yanaweza kuwa tofauti kidogo. Zima pia Battery Saver, hiyo ni kitu ingine kabisa na inabana programu kivyake.

Lakini usipee kila programu huo uhuru, betri itaisha kabla ya lunch. Mimi ningepea moja tu, ile inaniletea doh.

Na kuna kampuni za simu huongeza kizuizi chao juu ya kile cha Android. Kama bado inakwama, tafuta sehemu ya Autostart kwa settings uiruhusu hapo pia.

Wenye Mac msicheke: App Nap iko huko tangu 2013, na inapunguzia kasi programu ambazo dirisha zao zimefichwa nyuma ya zingine.