Kijumba cha Ziwani: Asili ya Mapumziko ya Wafini

Ufini ni nchi yenye wakazi wapatao milioni 5.5 na maziwa yanayokaribia 188,000, endapo yatahesabiwa hata yale madogo yenye ukubwa wa mita za mraba 500, na kando ya maji hayo vimetapakaa vijumba vya mapumziko ambavyo kwa Kifini huitwa mökki na ambavyo idadi yake kwa nchi nzima sasa ni kama 500,000. Mgeni anayealikwa huko mwishoni mwa juma, katika majira ya joto, hudhani anakwenda kupumzika, kumbe atakabidhiwa shoka, kwa kuwa kuna kuni za kupasua, maji ya kuteka, gati la mbao la kukarabati na ukuta unaongoja rangi. Wapo wanaolieleza jambo hili kwa kusema kwamba Wafini wana hulka ya kupenda kazi, lakini hulka ya taifa zima ni maelezo mepesi ambayo aghalabu huifunika historia. Mapumziko ya ziwani yana sura ya kazi kwa sababu yalitokana na kazi, yaani ujenzi na maisha ya shambani ambayo wengi wa Wafini waliyaacha katika kizazi kimoja tu.

Kwa karne nyingi nyumba ya mkulima wa Kifini ilijengwa kwa magogo ya msonobari yaliyolazwa moja juu ya jingine. Miti ilikatwa wakati wa baridi kali, kwa kuwa iliaminika kwamba wakati huo mti una utomvu mchache, na pia kwa kuwa theluji iliigeuza nchi nzima kuwa barabara, hata farasi mmoja akaweza kuburura gogo ambalo katika majira mengine lingezama topeni. Kila gogo lilichongwa mfereji upande wa chini ili likalie mgongo wa gogo lililotangulia, na ili mfereji huo ufuate kila kinundu cha gogo la chini, fundi alitumia chuma chenye ncha mbili, ncha moja ikiambaa juu ya gogo la chini huku nyingine ikichora mstari kwenye gogo la juu. Ndani ya mfereji ilishindiliwa sammal, vimea laini vinavyotanda kama zulia katika misitu yenye unyevu, ili upepo usipate pa kupenya, na kwenye pembe za nyumba magogo yalikatwa mapengo yakashikana bila msumari hata mmoja. Ukuta wa namna hiyo hautulii mara moja. Magogo yanapokauka husinyaa na nyumba hushuka sentimita kadhaa katika miaka ya mwanzo, hivyo fundi asiyeacha nafasi juu ya dirisha, nafasi ambayo huzibwa kwa makapi ya kitani, atakuja kukuta ukuta umelielemea dirisha na kulipinda.

Gogo la ukuta si mzigo wa mtu mmoja, na hapo ndipo palipokuwa na haja ya talkoot, neno linalotaja kazi ya pamoja isiyo na ujira, ambayo majirani huitana kuifanya na mwenye shughuli hulipa kwa chakula na kinywaji. Msomaji wa Afrika Mashariki ataitambua mara moja, kwa maana msaragambo na harambee ni ndugu zake wa mbali. Si sawa hata hivyo kuiona talkoot kuwa ukarimu mtupu. Katika nchi ambayo familia isiyo na paa haingeweza kuuona mwisho wa baridi, ilikuwa aina ya bima, na aliyekwenda kwa mwenzake leo alijua kwamba atakapojenga yeye, au nyumba yake itakapoteketea, hatanyanyua magogo peke yake. Paa lilipofikia kilele chake ilifanyika karamu iitwayo harjakaiset, kutokana na neno harja, yaani kilele cha paa, na karamu hiyo iliandaliwa hata kama nyumba ilikuwa bado haina sakafu wala milango.

Lakini jengo la kwanza katika makazi mapya aghalabu halikuwa nyumba. Lilikuwa sauna, chumba cha mvuke, ambamo familia iliweza kuishi huku nyumba kubwa ikiendelea kujengwa, na ambamo baadaye wanawake walijifungua, maiti walioshwa na nyama ilikaushwa kwa moshi. Sauna ya kale haikuwa na dohani, yaani bomba la kutolea moshi. Moto uliwashwa kwa saa kadhaa chini ya rundo la mawe, moshi ukajaa chumba kizima na kutokea kwenye kitundu cha ukutani, na moto ulipokufa na moshi kutoka ndipo watu walipoingia, wakaketi kwenye kichanja cheusi kwa masizi na kuyamwagia mawe maji kwa kata. Mvuke unaopanda hapo una jina lake pekee, löyly. Kwa kuwa jengo la aina hii lilishika moto kwa urahisi, lilitengwa mbali na nyumba na ghala, na mara nyingi likawekwa karibu na maji, nalo kwa sababu hiyo ndilo lililoitangulia mökki ufukoni.

Ziwa lenyewe halikuwa mandhari ya kutazamwa. Lilikuwa mahali pa kuvua samaki na kufulia nguo, na wakati wa kiangazi lilikuwa barabara. Vijiji vilivyokuwa mbali na kanisa viliunda kwa ushirika mashua ndefu iliyoitwa kirkkovene, mashua ya kanisa, iliyobeba makumi ya watu waliopokezana makasia siku ya Jumapili, na mashua za vijiji viwili zilipokutana njiani ibada haikuzuia mashindano. Ardhi ya ufukoni, yenye mawe na isiyofaa kwa nafaka, haikuwa na thamani kubwa kwa mkulima.

Thamani hiyo ilionwa kwanza na watu wa mjini. Reli ya kwanza ya nchi, iliyounganisha Helsinki na Hämeenlinna mwaka 1862, ilipita karibu na Ziwa Tuusulanjärvi, na kuanzia mwaka 1897, alipohamia hapo mwandishi Juhani Aho, ufuo wake ukawa kijiji cha wasanii marafiki. Mchoraji Pekka Halonen alimaliza nyumba yake ya magogo, Halosenniemi, mwaka 1902, na mtunzi wa muziki Jean Sibelius alihamia Ainola mwaka 1904, katika nyumba iliyosanifiwa na Lars Sonck. Kabla yao Akseli Gallen-Kallela, mchoraji ambaye mwaka 1909 alikwenda na familia yake kuishi kwa muda nchini Kenya, alikuwa amekwisha kujenga Kalela, karakana yake ya magogo huko Ruovesi, katika miaka ya 1894 na 1895. Wasanii hawa waliyachukua magogo ya mkulima wakayafanya alama ya taifa, wakati ambapo nchi ilikuwa bado chini ya mfalme wa Urusi, na kuna kinaya kidogo katika hilo, kwa kuwa mkulima mwenyewe wakati huo alitamani nyumba iliyofunikwa mbao zilizorandwa na kupakwa rangi ili magogo yasionekane.

Wengi katika wakulima hao hawakumiliki hata ardhi waliyojenga juu yake. Torppari, mpangaji aliyelipa kodi ya shamba kwa siku za kazi kwa mwenye ardhi, hakuwa mbali sana na mpangaji wa nyarubanja, mfumo wa zamani wa kupangisha ardhi kule Buhaya, Tanzania, na ni sheria ya mwaka 1918 iliyomruhusu kununua kipande alichokilima. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakimbizi zaidi ya 400,000 kutoka Karelia, eneo lililotwaliwa na Muungano wa Kisovieti, pamoja na askari waliorudi, waligawiwa ardhi kwa sheria ya mwaka 1945, wakajijengea kwa mikono yao nyumba za ramani moja, zenye ghorofa moja na nusu na kuta zilizojazwa vumbi la mbao. Kwa hiyo kufikia mwaka 1950 nchi ilikuwa na kizazi kizima ambacho kila mtu, hata karani, aliwahi kushika msumeno.

Watoto wa kizazi hicho ndio waliohamia mijini, na wengine Sweden, katika miaka ya 1960 na 1970. Sheria ya likizo ya mwaka, iliyopitishwa mwaka 1939, ilikuwa imewapa wafanyakazi siku za mapumziko, na sheria ya mwaka 1965 iliyoleta juma la kazi la saa 40 iliwapa Jumamosi. Shamba liligawanywa baina ya ndugu, na aliyekwenda mjini alipata kile ambacho mkulima hakukihitaji, yaani ufuo wenye mawe. Mwaka 1970 vijumba vilikuwa takriban 176,000, na idadi hiyo ikawa imezidi mara mbili kabla ya karne kuisha. Marafiki walioalikwa mwishoni mwa juma kupandisha paa la mtu wa mjini walikuwa wanafanya talkoot ileile, isipokuwa sasa hapakuwa na baridi ya kuua iliyowasukuma. Kilele cha majira ya joto ni Juhannus, sikukuu ambayo tangu mwaka 1955 huangukia Jumamosi kati ya tarehe 20 na 26 Juni, ambapo mioto mikubwa huwashwa ufukoni usiku usio na giza, baada ya watu kuoga mvuke na kujirusha ziwani.

Wengine hawakujenga upya. Nyumba ya magogo huweza kubomolewa na kusimamishwa kwingine, mradi kila gogo litiwe alama kabla ya kushushwa, na ghala nyingi za nafaka, aitta, zilizokosa kazi kilimo kilipopungua, zilihamishiwa ziwani zikawa vyumba vya kulala wageni. Kwenye pembe za baadhi yake bado zinaonekana alama zilizochongwa kwa patasi, gogo baada ya gogo, kuonyesha lipi hukaa juu ya lipi.