Mgongo wa mwanafunzi hupimwa hata pasipo mtambo

MTOTO ambaye mgongo wake unapinda mara nyingi hasikii maumivu, na ndiyo sababu hali hiyo hugunduliwa ikiwa imekwisha kukomaa. Katika kata ya Mchombe, wilayani Mlimba mkoani Morogoro, kuna kikwazo kingine: msimu wa mpunga familia nyingi za Bonde la Kilombero huhamia kwenye madungu ya mashambani, na watoto huenda nao kuwinga ndege. Aliyeonwa na mwalimu mwezi huu huenda asionekane tena hadi mavuno.

Kipimo cha msingi kilielezwa na daktari mpasuaji Mwingereza, William Adams, mwaka 1865, na hadi leo kinatumika. Mwanafunzi husimama peku, mgongo ukiwa wazi, miguu pamoja na magoti yamenyooka. Kisha huinama taratibu, viganja vimekutanishwa na mikono ikining'inia, mpaka mgongo uwe sambamba na sakafu. Mpimaji huketi nyuma yake na kulinganisha pande mbili. Mgongo uliolegea kwa uchovu au kwa kukaa vibaya hunyooka mtoto akiinama. Uliopinda kweli hubaki na nundu upande mmoja wa mbavu. Wasichana wapimwe na mwanamke, tena faraghani.

Nundu hiyo hupimwa kwa skoliometa, kifaa kinachofanana na pima maji ya fundi uashi. Kikionyesha nyuzi 7 au zaidi, mtoto hupelekwa kupigwa picha ya eksirei. Juu ya picha hiyo daktari huchora pembe iliyopewa jina la John Cobb, Mmarekani aliyeieleza mwaka 1948. Ikifika nyuzi 10, mgongo huhesabiwa kuwa umepinda. Kati ya vijana 100, wawili au watatu huwa na hali hiyo, na wengi wao huhitaji kufuatiliwa tu. Wasichana ndio ambao mpindo wao huongezeka zaidi, hasa wanaporefuka kwa haraka. Kwa hiyo vyama vya madaktari wa mifupa vya Marekani vimependekeza wapimwe wakiwa na miaka 10 na 12, na wavulana mara moja wakiwa na miaka 13 au 14.

Upimaji huo una wapinzani. Mwaka 2018 jopo la Marekani linaloshauri kuhusu huduma za kinga lilisema ushahidi hautoshi kupendekeza wala kukataa kuwapima watoto wote wasio na dalili. Hoja hiyo ina uzito mahali ambapo mtoto huonwa na daktari mara kwa mara. Mchombe hali ni tofauti, kwa kuwa jicho linalotafuta mpindo linaweza pia kuona kifua kikuu cha mifupa.

Ugonjwa huo, ulioelezwa na Percivall Pott mwaka 1779, hula pingili mpaka zikaporomoka. Mtoto hulalamika mgongo kwa wiki nyingi, hukonda, hutoka jasho usiku. Akiambiwa aokote chaki hainami. Huchuchumaa mgongo ukiwa mkavu, mkono umeshika goti. Baadaye hutokea kibiongo chenye ncha katikati ya mgongo, na miguu ikianza kulegea kupooza kuko karibu. Dawa hutolewa bila malipo nchini, nazo humezwa kwa miezi 9 hadi 12.

Mkoba mzito na ndoo ya maji kichwani huweza kuumiza shingo na mgongo, lakini haijathibitika kwamba huupinda uti. Ni haki kuipunguza mizigo hiyo, si haki kumlaumu mzazi kwa mpindo ambao mara nyingi haujulikani chanzo.

Matokeo yaandikwe kwenye daftari la shule pamoja na tarehe, kipimo kirudiwe baada ya miezi 6. Picha ya eksirei hupatikana katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Anayehitaji upasuaji wa mgongo hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 400.