Picha na Neno katika Nchi ya Mara

Katika Busawe, mkoani Mara, ambako wilaya za Tarime na Serengeti zinakutana, mtoto hazaliwi katika Kiswahili. Huzaliwa katika Kingoreme au Kikuria, na Kiswahili humfikia baadaye kwa njia ya shule, soko na baraza za serikali. Lugha hizi zote ni za ukoo mmoja wa Kibantu, kwa hiyo maneno kama ng'ombe na nyumba hayamshtui hata kidogo. Huyapokea kama jamaa aliyetoka safari. Walakini hapo ndipo ugumu unapojificha. Neno ambalo ni geni kabisa humfanya mwanafunzi aulize. Neno linalofanana na la kwao humfanya adhani amekwisha kulijua, mpaka afunuliwe picha ya nyumba ya mawe yenye mlango wa nakshi na dari ya boriti, aambiwe kuwa hiyo ndiyo nyumba.

Habari ya kufundisha maneno kwa picha ni ya zamani. Mwaka 1658 kilichapishwa Nürnberg, nchini Ujerumani, kitabu cha Johann Amos Comenius kiitwacho Orbis Sensualium Pictus, chenye masomo mia moja na hamsini, na picha ikiambatana na somo. Kila kitu katika picha kilitiwa namba, na namba ile ile iliwekwa kando ya jina lake kwa Kilatini na kwa Kijerumani. Mwaka uliofuata kilitolewa London kwa Kilatini na Kiingereza. Jambo la kustaajabisha katika kitabu hiki halitajwi mara nyingi. Kilatini kilikuwa lugha ya Warumi, lakini Comenius hakuwachorea watoto maisha ya Roma ya kale. Aliwachorea mwokaji mikate, fundi cherehani wa zama zile za sindano na mkasi, na mkulima, watu ambao mtoto alipishana nao njiani kila asubuhi. Neno lilikuwa la ugenini, picha ilikuwa ya nyumbani.

Basi ukweli wa picha ni wa namna mbili. Iko picha iliyo kweli kwa mwenye lugha, na iko picha iliyo kweli kwa mwanafunzi. Mwalimu asiyezitenga mbili hizi aweza kumtafutia mwanafunzi picha sahihi kabisa, kisha akampoteza.

Afrika Mashariki ilichukua njia ya kwanza, wala si kwa hila ya mtu. Upigaji picha ulitangazwa kwa ulimwengu Paris mwaka 1839, na kabla karne ile haijakwisha kulikuwa na wapiga picha Wagoa mjini Unguja, kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, waliouza picha za bandari, majahazi, milango na wanawake waliojipamba. Kamera ilikuwa pwani, kwa hiyo pwani ndiyo iliyoonekana. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi nne za Afrika Mashariki ili isimamie vitabu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923 na Idara ya Elimu, lilipeleka bara maneno na picha pamoja. Kwa walimu wengi wa huko gazeti hilo lilikuwa hazina kubwa, maana vitabu vilikuwa haba.

Tazama neno shamba. Kwa mtu wa Unguja, shamba ni mikarafuu na minazi, na tena ni upande wote wa nchi ulio nje ya mji. Kwa mtu wa Busawe, shamba ni mtama, ulezi, mahindi na muhogo, na pengine pamba. Au neno chakula: pwani ni wali na samaki wa nazi, Mara ni ugali wa ulezi na maziwa yaliyoganda katika kibuyu. Si haki kusema kuwa picha ya pwani ni ya uongo. Jahazi haliwezi kufundishwa kwa picha ya mtumbwi, wala mnazi kwa picha ya mgomba. Neno lililozaliwa baharini lataka bahari yake. Lakini maneno ya kila siku, ambayo mtu huyahitaji kabla ya jua kuchwa, hayana bahari ndani yake. Mtoto aliyefunzwa maneno hayo kwa picha za mbali tu huweza kuyakariri yote vema, kisha akaona kwamba Kiswahili ni lugha ya kusemea mambo ya watu wengine.

Njia ya pili ilijaribiwa Mara kwa watu wazima. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972, serikali ya Tanzania na UNESCO ziliendesha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa minne ya Ziwa, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo baadaye iliitwa Kagera. Makao ya mradi yalikuwa Mwanza. Vitabu vyake havikuanza na a, e, i, o, u, bali na kazi. Kilikuwapo cha pamba, cha migomba, cha ng'ombe, cha uvuvi, na cha maarifa ya nyumbani. Somo lilifunguliwa kwa picha, na wanakisomo wakaijadili kwanza: nani huyu, anafanya nini, anakosea wapi. Katika mazungumzo hayo likatolewa fungu moja la maneno, katika fungu likatengwa neno, na neno likakatwa silabi. Mtu aliyekwisha kulima pamba miaka ishirini hakuwa mjinga mbele ya picha ya pamba. Alikuwa mwalimu wa mwalimu wake, ingawa jina la Kiswahili la ugonjwa wa mmea ndiyo kwanza alisikie.

Kutoka mradi huu nchi ilipata mbinu za kampeni ya kitaifa iliyofuata. Kwa hesabu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma walikuwa 67 katika kila mia mwaka 1967. Baada ya mtihani wa Agosti 1975 walihesabiwa 39. Picha peke yake haikuleta hayo, maana nguvu ya chama na ya serikali ilikuwa kubwa, na wako waliokwenda darasani kwa kusukumwa. Hata hivyo kwa wazee wengi wa bara hicho ndicho kilikuwa kitabu cha kwanza cha Kiswahili kuwaonyesha kazi ya mikono yao wenyewe.

Picha ya kamera ina tabia yake, nayo si sawa na ya kuchora. Mchoraji huchagua, akitaka kufundisha nira, huchora nira na kuacha mengine. Kamera haichagui. Picha ya ng'ombe wakivuta plau huja na vumbi, na mtoto anayewaongoza, na shati lililochanika, na kihenge nyuma. Mwalimu aweza kuona huo kuwa uchafu wa somo, lakini ndio utajiri wake: mwanafunzi aliyeulizwa nira hutaka pia jina la kihenge, na akilipata halimtoki, kwa kuwa amelitafuta mwenyewe.

Nchi hii yenyewe nayo imegeuzwa kuwa picha ya kufundishia wageni. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 ilitoka filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, aliyekufa mwezi Januari mwaka huo katika ndege yao iliyopakwa milia ya punda, na mwaka 1960 filamu ile ikapata tuzo ya Oscar. Tangu hapo mtu wa Ulaya au Marekani anayeanza Kiswahili, akifika kwenye simba, nyumbu na tembo, huonyeshwa nyika hii, mara nyingi bila mtu ndani yake. Picha ni ya kweli. Wanyama hao wako hapo. Neno tembo humwingia mgeni pamoja na machweo ya jua, na humwingia kwa raha.

Katika vijiji vya wilaya ya Serengeti vinavyopakana na hifadhi, tembo ni yule anayekuja usiku mahindi yakikaribia kukomaa. Jina lake hufunzwa pamoja na maneno tochi, debe la kupigwa, mkesha, na fidia.